Mabomba ya Mzee Bonifasi

Nyie vijana mnaoanza ukalimani hapa Mpanda, wenye simu zinazotafsiri kabla mtu hajafumba mdomo, nataka kuwasimulia jambo ambalo mimi mwenyewe sijalielewa mpaka leo. Mkisoma hadi mwisho mkaona nyie mmelielewa, njooni Mwamkulu mnieleweshe. Ulizeni nyumba ya Mama Judita mkalimani. Miguu imestaafu, mdomo bado uko kazini.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekaa katikati ya watu wawili wasioelewana. Kirundi kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kirundi: zahanati, mahakamani, na kwenye meza za maofisa wakati wazee wetu waliotoka Burundi walipokuwa wanahojiwa ili wapewe uraia. Kiingereza sikijui zaidi ya salamu na majina ya dawa.

Tuanze na aibu ndogo. Nikiwa mgeni kabisa kazini, muuguzi mmoja aliniambia nimuulize mama mgonjwa kama ametumia dawa aliyopewa. Mama akajibu, "Narasomye umuti." Sasa kwa Kirundi, gusoma ni kusoma kitabu, na gusoma hiyo hiyo ni kupiga funda la kinywaji. Mama alimaanisha amekunywa. Mimi na ushamba wangu nikamgeukia muuguzi, nikasema bila wasiwasi, "Anasema dawa ameisoma."

Muuguzi akaitazama chupa, akamtazama mama. "Ameisoma? Mbona imeandikwa Kiingereza?"

Nikamuuliza mama kama anajua Kiingereza. Yule mama akaanza kulia, akidhani siku hizi hutibiwi mpaka ujue Kiingereza. Ilituchukua muda mrefu kumtuliza, na muuguzi alinicheka mpaka akahamishwa kituo.

Aliyeninyoosha ni Mzee Kalisto, mkalimani wa mahakama, Mfipa aliyejifunza Kirundi kwa wakwe zake. Alikuwa mwembamba, ana koti moja, na alikuwa mkali kuhusu viti kuliko seremala. "Usikae mbele ya shahidi," alisema. "Kaa pembeni yake, nyuma kidogo, ili macho yake yaende kwa anayemuuliza, yasije kwako." Majina na tarehe andika, usiiamini kumbukumbu. Usizungumze na shahidi kabla ya kazi, salamu inatosha, maana ukishasikia kisa chake nje utakisimulia wewe ndani. Na unapofasiri sema "mimi," kama yeye anavyosema "mimi." Usiseme "anasema kwamba."

Hilo la mwisho liliwahi kuniponza. Mshtakiwa mmoja alikiri, nami nikasimama nikasema mahakama nzima ikisikia, "Ni kweli, baiskeli niliiiba mimi." Askari mmoja, mgeni kwenye kituo, akasogea kando yangu na pingu mkononi. Hakimu ilibidi amweleze.

Lakini somo kubwa la Mzee Kalisto lilikuwa sauti. "Judita, hasira si yako, na kilio si chako. Ukipandisha sauti, hakimu ataandika hasira yako wewe. Pitisha maneno, sauti iache chini." Nikalishika kwelikweli. Nilifanya mazoezi nyumbani, nikiwafokea watoto kwa sauti iliyonyooka, wakawa hawanisikii. Kazini nilisifiwa. Walisema Mama Judita hata akifasiri kwamba nyumba inaungua, mtu anaweza kusinzia. Nilijivunia sifa hiyo, na nakiri kwamba nilijivuna kupita kiasi.

Sasa niingie kwenye kisa chenyewe.

Nilikuwa nimeshastaafu, nalima mpunga wangu Mwamkulu, nilipopigiwa simu na wakili kutoka Dar es Salaam, dada anayeitwa Neema. Alikuwa anakuja Mpanda na wakili mwenzake, mzungu. Walikuwa wanawatetea watu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ambao ndugu zao waliuawa zamani bomu lilipolipuka sokoni. Madai yao yalikuwa mazito. Walidai waliotega bomu lile walilishwa, walifunzwa na kuletewa silaha kwa siri na taifa moja kubwa, miongoni mwa yale mawili matatu yanayojiona yana dunia mkononi. Yaani serikali nzima, yenye bunge na makanisa, imekaa ofisini ikapanga watu wafe wakinunua dagaa. Na huku redioni inahubiri amani.

Taifa lenyewe lilikana. Lilisema mkono ule ulikuwa wa taifa kubwa jingine, adui yake. Na lile jingine nalo lilikana, likasema mwizi ndiye wa kwanza kupiga yowe. Mimi nasikiliza redio za pande zote mbili, zote zina idhaa ya Kiswahili kizuri kuliko changu. Asubuhi namwamini huyu, mchana namwamini yule, jioni nazima redio nisonge ugali. Sijui mtu wa Mwamkulu anatakiwa afanyeje na habari za namna hiyo.

Kazi ilikuwa hivi: shahidi angesema Kirundi, mimi ningekileta kwenye Kiswahili, Neema angekipeleka kwenye Kiingereza, na mzungu angeandika. Maneno yapite mikono mitatu. Mzee Kalisto, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ndoo ikipita mikono mitatu haifiki imejaa. Nilimkumbuka, nikapanga viti vyangu.

Shahidi alikuwa Mzee Bonifasi, mkulima wa Mwese kule milimani. Alikuja kwa pikipiki akiwa katikati, dereva mbele na binti yake Espe nyuma amemshikilia, maana umri ulikuwa umepita themanini. Amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimsalimia mlangoni. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, akaniambia kwa Kirundi, "ndio hawa watu wanaojua habari za zile ndege?"

Kanuni ni kanuni. Nikamjibu, "Mutama," yaani mzee, "utauliza ndani." Nikamwonyesha kiti.

Tulikuwa kwenye chumba cha mikutano cha nyumba ya wageni, si mbali na stesheni ya treni. Kinasa sauti kiliwekwa mezani, Espe akaambiwa asubiri nje. Mzee akaeleza. Ujanani alikimbia Burundi akavukia Kongo yeye na mdogo wake, Salvatori. Wakapata kibarua cha kubeba mizigo kwenye uwanja wa ndege uliofyekwa porini. Ndege zilikuja bila namba wala bendera. Marubani walikuwa weupe, hawakusalimia mtu, lugha yao hakuijua. Waliwapa samaki wa kopo. Makreti yalipigiliwa misumari, yana harufu kali, na ukiyabeba muda mrefu macho yanachoma.

Kisha akasema sentensi iliyoleta yote haya. Ilikuwa ya Kirundi, lakini ndani yake alichomeka neno la Kiswahili, kama wazee wetu wanavyofanya. Mimi nikaipitisha, sauti chini, kama nilivyofunzwa: "Tulibeba mabomba."

Neema akasita. "Mabomba au mabomu, mama?"

Nyie mnajua tofauti. Bomba ni la maji, au lile la mgongoni la kupulizia pamba dawa. Bomu ni bomu. Lakini mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, tena Kongo, anaweza kusema lolote kati ya hayo akimaanisha lolote. Mimi nikajibu kwa kiburi cha kazi, "Amesema mabomba."

"Muulize mabomba ya nini."

Nikamuuliza. Akajibu kwamba nyapara wao aliwaambia ni ya dawa. Nikafasiri: "Nyapara alituambia ni mabomba ya dawa." Neema akageuka akasema Kiingereza chake, na nikaona kalamu ya mzungu, ambayo ilikuwa imelala, ikianza kukimbia. Nilishangaa. Pampu za pamba zina nini cha kukimbiza kalamu? Lakini Kiingereza si changu, nikanyamaza.

Mzee Bonifasi akainama mbele. Alikuwa anamtazama yule mzungu moja kwa moja usoni. Akasema jambo fupi, nami nikalipitisha vilevile kama lilivyo, neno kwa neno, sauti chini: "Ndiyo yaliyomwua mdogo wangu Salvatori. Alikuwa sokoni siku ile."

Neema alifasiri, na mzungu akavua miwani. Alimshukuru mzee kwa ujasiri wake, akampa mkono, akazima kinasa sauti. Mzee alibaki ameketi, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Nilifikiri amechoka. Nikamsaidia kuinuka, nikamkabidhi kwa Espe, nikaenda zangu kupalilia.

Miezi haikupita mingi. Siku moja mchana Espe alikuja shambani kwangu, viatu mkononi, simu mkono mwingine. Hakusalimia. Akanipa simu nisome. Ilikuwa habari ya Kiswahili, kichwa chake kikisema shahidi wa Katavi amekiri kubeba mabomu ya sumu ya taifa kubwa. Kumbe ile "dawa" ilipofika kwenye Kiingereza ilikuwa kemikali, na mabomba yalikuwa yamegeuka mabomu njiani, sijui mkono wa nani. Pampu ya pamba ya mtu, kama ilikuwa pampu, imeshakuwa silaha ya kuangamiza kijiji. Chini yake msemaji wa taifa lile alisema shahidi ni mwongo aliyelipwa na adui. Na adui, kwenye habari nyingine, alimwita shujaa.

"Waandishi wamekuja mpaka nyumbani na pikipiki mbili," Espe alisema. "Mtendaji wa kijiji naye kaja kuuliza baba ni nani, wakati anamjua tangu zamani. Majirani wanasema watamnyang'anya uraia, eti alikuwa na magaidi. Kanisani akikaa benchi, watu wanahama. Mama Judita, baba hali chakula. Anasema hakusema hivyo. Kwani nyie kule ndani mlisemaje?"

Niliudhika kwanza. Nilimwambia kwamba mimi sijawahi kuongeza neno la mtu wala kupunguza, kwamba nina daftari langu, kwamba kama kuna aliyeharibu ni wa Kiingereza. Espe alinisikiliza tu, akavaa viatu vyake. Nikaona aibu. Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda Mwese.

Barabara ile mnaijua. Pale kwenye makorongo nilishuka nikatembea na magoti haya, dereva akiisukuma pikipiki, na njia nzima nilikuwa napanga swali langu moja: mabomu au mabomba. Nilifikiri nikipata jibu la hilo nitampigia Neema, arekebishe, yaishe.

Mzee Bonifasi alikuwa ameketi upande wa kivulini wa nyumba, anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Nilimsalimia kwa heshima zote, nikamuuliza.

"Simbizi," akasema. Sijui. "Makreti yalikuwa yamepigiliwa. Nyapara alisema mabomba, na sisi tukasema mabomba. Yeye mwenyewe alikuwa Mbembe wa kulekule Kongo, alikuwa anaelewa nusu ya tunayosema, na sisi nusu ya anayosema yeye. Kulikuwa na mashamba ya pamba kule. Kulikuwa na askari vilevile."

"Lakini mutama, ndani ulisema tuliyabeba. Ulisema ndiyo yaliyomwua Salvatori."

Akaweka gunzi chini. "Sinavuze," akasema. "Narabajije."

Sikusema. Niliuliza.

Vijana, naomba mtulie hapa. Nyie mnajua Kiswahili chetu. "Umekula." "Umekula?" Herufi ni zile zile, hakuna kilichobadilika ila sauti imepanda mwishoni. Kirundi nacho ni hivyo hivyo: kuna neno la kuanzia swali, lakini mtu anaweza kuliacha, akaliinua swali kwa sauti peke yake. Mzee yule alikuwa ameuliza. Tulibeba mabomba? Ndiyo yaliyomwua mdogo wangu? Nami, bingwa wa sauti iliyonyooka, nililipokea swali nikalikabidhi likiwa ungamo. Neno sikuongeza, neno sikupunguza. Daftari langu liko sahihi mpaka leo, ukilifungua utakuta maneno yake yote, ila sikuandika alama ya kuuliza.

"Uliniambia nitauliza ndani," aliniambia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Nikaingia, nikauliza. Yule mzungu akanipa mkono, akazima mashine. Nikafikiri labda kwao swali la namna hiyo ni kosa."

Akanieleza yaliyobaki. Wiki ile ya bomu walikuwa wamebeba makreti mengi kuliko kawaida, yeye na Salvatori, kreti moja watu wawili. Jumamosi Salvatori akaenda sokoni kununua shati. Yeye akabaki, mguu ulikuwa umevimba. Tangu siku ile hajui kama mikono yake ndiyo iliyompelekea ndugu yake kifo, au walibeba pampu za kupulizia pamba na kifo kilitoka kwingine. Alivuka ziwa, akaja Tanzania, akaoa, akalea, akapewa uraia, na swali liko pale pale. Mchungaji aliposema kanisani kwamba kuna wageni Mpanda wanaofuatilia habari za ndege zile, alijiambia hatimaye wamekuja wanaojua. Taifa gani lilituma ndege, kubwa au dogo, la huyu au la yule, hakuwa na haja nalo. Alitaka kujua ya kreti.

Mimi nililia. Nalisema wazi, ingawa Mzee Kalisto asingekubali. Nililia kwa sauti ya juu, kuku wakatawanyika, na Espe akaniletea maji.

Halafu nikatoa simu, nikampigia Neema, nikaweka spika. Nikamweleza kosa langu lote, sikumtupia mtu. Alinisikiliza kwa upole. Akasema atampelekea mwenzake maandishi ya kurekebisha, yaambatanishwe na ushahidi. Aliyapeleka, nina nakala. Zile habari za kwenye simu hakuna aliyezirekebisha, ziko huko mpaka sasa na picha ya mzee mwingine kabisa, sijui walimtoa wapi.

"Subiri," nikamwambia kabla hajakata. "Shahidi yuko hapa. Ana swali."

Mzee Bonifasi akauliza tena kwa Kirundi, mkono wake umeshika ukingo wa ungo wa mahindi. Safari hii nilifasiri vingine kabisa. Niliweka "je" mbele, nikapandisha sauti mpaka mwisho, ilivyopanda yake, ikatetemeka ilipotetemeka yake: "Je, yale tuliyoyabeba yalikuwa mabomu? Je, ndiyo yaliyomwua mdogo wangu?"

Neema akajibu polepole.

"Mama Judita," akasema, "sisi hatujui. Hakuna anayejua. Ndilo swali tulilokuja Mpanda kumuuliza yeye."

Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Avuze iki?" Amesema nini?

Nimewahi kufasiri hukumu ya miaka thelathini, na nimewahi kumwambia mama kwamba mtoto hakupona. Sikuwahi kutafuta maneno kama siku ile. Mwishoni nilimwambia yaliyosemwa, yote, maana sikuwa na mengine ya kumpa: hatujui, tulikuja kukuuliza wewe.

Aliliokota gunzi lake. Kisha akaniomba nimshukuru yule dada. Na nimwambie kwamba siku watakapojua, wapige kwa namba ya Espe, kwa sababu yeye masikio yake si mazuri. Nikafasiri na hilo. Neema akaandika namba, akairudia tarakimu moja moja, nikamthibitishia.

Watu wa Mwese wamesharudi kukaa benchi moja naye kanisani, uraia hakuna aliyeugusa, na redio zangu mbili bado zinashtakiana. Ila Espe ananiambia kwamba simu yake ikilia tu, baba yake huacha anachofanya na kuuliza, "Ni bo?" Yaani, ni wao? Naye humjibu kwamba hapana, baba, ni mtu wa mbegu.